Kura ya Arnetta

Mke wangu Arnetta alifariki Jumamosi asubuhi, siku tatu kabla ya uchaguzi wa meya, na kitu cha kwanza nilichopewa mtaani baada ya pole ni mzaha. Hapa Chicago kila mtu anaujua: kwetu hata marehemu hupiga kura. "Usijali, Kapteni," Thaddeus kinyozi aliniambia huku amenishika bega, "Jumanne utamkuta kwenye foleni." Sikumkasirikia. Mzaha huo una kweli yake, na sehemu ya kweli hiyo niliitengeneza mimi.

Mimi ni kapteni wa mtaa. Kazi yangu ni kugonga milango mia tatu na ushei, kujua nani ana mgonjwa na nani theluji imemzibia njia, na siku ya kura kuwaambia wamchague nani. Jina silitoi kichwani mwangu. Linatoka ofisi ya kata, kwa diwani, akishapatana na wakubwa wenzake. Watu wangu hulisubiri. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia nyumba yangu.

Mara hii walisimama wagombea tisa na diwani akawa haamui. Leo Dunmore, kesho Bi Arriaga, keshokutwa tusubiri kwanza. Wiki mbili kabla, kura za mapema zilipoanza pale maktaba, Arnetta alivaa koti, akajifunga skafu, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Moyo wake ulikuwa umeshachoka. Kuvaa tu kulimtoa jasho.

"Nipeleke nikapige kura yangu, Delmar."

"Una haraka ya nini? Neno bado halijatoka."

"Neno la nani?"

"La kata, la nani tena! Ukipiga leo, kesho wakabadilisha, kura yako imekwenda na maji."

"Naona kama sitafika huko, mume wangu."

"Acha maneno yako hayo. Nitakuombea karatasi ya posta. Neno likija utaijaza hapa hapa kitandani."

Akafungua skafu.

Kura ya mtu aliyekwenda mwenyewe kituoni imeshapigwa. Hata akianguka mlangoni wakati anatoka, inahesabiwa. Ya posta ni nyingine. Mwenyewe akifa kabla ya siku ya uchaguzi, inafutwa. Hakuna aliyeijua sheria hiyo mtaani kwetu kunishinda mimi. Siku ile sikuikumbuka kwa sababu sikutaka kukubali kwamba Arnetta anaweza kufa.

Neno lilitoka Jumapili: Dunmore. Arnetta alikuwa tayari kwa waandaaji wa maziko.

Jumanne asubuhi nilikuwa namtafutia gauni la kumzikia, nikaikuta bahasha ya kura yake ya posta kwenye droo, chini ya soksi. Nje ameshatia sahihi, ile sahihi yake ya kiualimu yenye herufi zilizosimama wima, na tarehe ya Ijumaa. Kumbe alishapiga! Nilikaa kitandani nikalia kwa sauti, mzee mzima. Kisha nikaitia bahasha mfukoni nikaenda kituoni, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa.

Msimamizi wa kituo ni Earlene Mabry. Yeye na Arnetta walikaa meza moja pale wakisimamia chaguzi zote kwa miaka ishirini na sita. Arnetta huyo aliwahi kuninunia mwezi mzima kwa ajili ya mzee mmoja aliyepiga kura wakati kaburi lake limeshaota nyasi. Nikaiweka bahasha mbele ya Earlene.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "unajua ninachotakiwa kufanya na hii."

"Kuifuta."

"Na unajua Arnetta mwenyewe angeifanya nini."

"Earlene, ameiandika yu hai. Tazama tarehe. Hii si ile michezo yangu ya zamani. Hii ni yake."

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Cheti cha kifo sijaonyeshwa na mtu," akasema. "Mimi naenda kujimiminia kahawa. Sanduku lile pale." Akainuka, kisha akageuka. "Lakini ifunge kwanza. Iko wazi."

Kweli, mdomo wa bahasha haukuwa umebandikwa. Niliuinua niulambe, nikaiona karatasi, nikashindwa kujizuia. Kwenye udiwani ameshajaza. Karani wa jiji, mweka hazina, wote ameshajaza kwa wino mweusi, bila kutoka nje ya duara. Kwenye umeya, maduara tisa yote yalikuwa matupu. Alikuwa ananisubiri mimi.

Kalamu ya kituo ilikuwa imefungwa kwa uzi mezani. Niliishika, nikaiweka juu ya karatasi, na mkono ukakwama hapo. Tumelala kitanda kimoja miaka arobaini na mmoja. Najua chumvi aliyoitaka kwenye maharage, najua goti lililomuuma theluji ikikaribia. Aliyemtaka awe meya simjui. Sikuwahi kumuuliza, si mwaka huu tu, mwaka wowote.

Earlene alirudi na kikombe chake akanikuta hivyo hivyo.

"Alikuwa anamtaka nani?" nikamuuliza. "Wewe alikuambia?"

"Aliniambia."

"Niambie basi."

"Ukijua, utamjazia?"

"Ndiyo."

"Basi sikuambii, shemeji." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Alinisimulia: alishavaa koti, akakaa mlangoni kwenu. Ungemuuliza pale."

Akaichukua bahasha mkononi mwangu taratibu, akaandika juu yake kwamba imefutwa, akaitia kwenye mfuko wa kura zilizoharibika.

Nilitoka nje nikasimama barabarani kwenye baridi. Bi Hortense Gilyard wa jengo la wazee alikuwa anakuja na mkongojo wake. Miaka thelathini hajapiga kura bila kupita kwangu kwanza. Alinipa pole, akanishika mkono kwa muda mrefu, kisha akanisogelea sikioni.

"Haya, Kapteni. Leo ni nani?"

"Wewe unamtaka nani, mama?"

Akacheka, akanipiga kofi dogo begani akidhani namtania, akasubiri nimpe jina.