Bluu Iliyoelemea Zambarau

Kiwanda cha rangi kilipotimiza miaka arobaini, mkurugenzi, binti wa mwanzilishi, alinunua mfumo wa kompyuta wa kuchanganya rangi pamoja na kifaa kidogo cha kuzipima. Mchanganyaji mkuu, ambaye wote walimwita Jicho, hakukigusa. Alianza kazi hapo kiwanda kikiwa banda la mabati na mapipa matatu, na mkurugenzi alimwita baba mdogo tangu utotoni. Sifa yake ilikuwa moja: hakuhitaji sampuli. Rangi aliyoiona mara moja aliichanganya kwa kumbukumbu.

Aliombwa jambo jepesi tu, akae na fundi wa kompyuta, amsomee vipimo vya rangi zote kutoka daftari lake. Jicho akapiga chenga. Leo kichwa kinamgonga, kesho daftari amelisahau nyumbani. Wenzake wakanong'ona kwamba mzee anaogopa kunyang'anywa tonge mdomoni. Walikuwa na sababu ya kudhani hivyo: wapima unga wa rangi wawili walikuwa wameshapewa barua za kuachishwa kazi, mmoja wao shemeji yake Jicho, na tangu siku hiyo shemeji hakukanyaga tena kwake.

Wiki ya tatu, fundi alipima ndoo zilizokuwa zinangoja kupelekwa hospitali. Kila bluu ilielemea zambarau. Akapima vibao vilivyopakwa rangi za mwaka uliotangulia, mambo yakawa yale yale. Akampelekea mkurugenzi karatasi ya vipimo.

Mkurugenzi akamwita Jicho, akafunga mlango.

"Baba mdogo, kifaa kimekosea?"

"Hakijakosea, mwanangu. Nina mtoto wa jicho, kulia na kushoto, kila bluu naiona imeingia manjano. Hata daftari langu silisomi, mwaka wa pili huu."

Alimuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo.

"Humu ndani mnaniitaje?" akasema Jicho.

 Mkurugenzi alizuia ndoo zisitoke, kisha mwenyewe akampeleka kwa daktari. Jicho akapasuliwa, jicho moja kwanza, la pili baada ya mwezi.

Alipofunguliwa bandeji ya mwisho, hakwenda nyumbani. Alimwomba mkewe wapitie shule waliyoiuzia rangi mwaka uliopita. Alivyokumbuka, kuta zake zilikuwa za bluu ya anga. Sasa aliona zambarau iliyochujuka, ukuta baada ya ukuta, kuanzia ofisi hadi darasa la mwisho. Mkewe akamwambia zinapendeza. Jicho akamwambia asimfiche, na akasimama pale mpaka miguu ikamuuma.

Jumatatu alikaa kwa fundi na daftari lake. Alisoma polepole, siku baada ya siku. Walipofika kwenye nyeupe ya nje akamsimamisha. Kifaa, alisema, kinapima rangi ikiwa juu ya kibao kikavu. Ukuta mpya wa saruji huinywa, na asiyeiongezea gundi ataona inabanduka kabla ya mwaka kwisha. Fundi akauliza gundi kiasi gani.

Jicho akamtajia, kisha akamwomba amsomee alichoandika, wahakikishe kiko sawasawa.