Maneno Yaliyonasa Kwenye Shanga

Kila Jumapili, saa tatu ya asubuhi, dereva wa hoteli humletea Bi Kheiria magauni sita nyumbani kwake Al Khoudh, Muscat, ndani ya mfuko wa nailoni. Ni ya wasichana wanaowachezea wanaume ukumbini. Kitambaa kidogo, shanga tele. Bi Kheiria huzishona shanga zilizokatika, kisha huyafukiza udi, kama alivyofunzwa na mama yake Unguja, maana nguo iliyokesha kwenye sigara hairudishwi kwa mwenyewe hivi hivi.

Moshi ukishapenya, magauni hutoa yaliyoingia. Kwanza hutoka muziki, kwa kishindo kile kile cha ukumbini, hata vikombe vikacheza kwenye sinia. Jirani yake, Muhsina, hugonga ukuta.

"Bi Kheiria, punguza redio! Mtoto ana mtihani!"

"Si redio, mwanangu, ni magauni."

"Basi funga dirisha."

Muziki huchukua muda wa birika moja la kahawa. Ukisha, hufuata mazungumzo, moja moja, yale waliyosemezana watu mdomo kwa sikio na yasisikike.

Mengi ni upuuzi. Mwanamume mmoja alikuwa akimsifu ngamia wake. Mwengine aliuliza jina mara nne. Lakini gauni la kijani la Sikudhani, msichana wa Tanga, lilikuwa na maneno yale yale kila wiki: "Mkataba wangu umekwisha tangu Rajab. Kafili, tajiri aliyenileta kazini, kanifungia paspoti. Mama yangu mgonjwa. Nisaidie nende kwetu." Na kila wiki mwanamume, leo huyu kesho yule, alijibu: "Naam, naam. Mzuri sana."

Siku moja Sikudhani alikuja mwenyewe na dereva, gauni limempwaya. Bi Kheiria alimbana kiuno kwa pini huku akimtegea.

"Kitendawili."

"Tega, bibi."

"Nyumba imejaa watu, wote wanasema, hapana anayesikia."

"Ukumbini kwetu."

"Umepata. Ungeshindwa ningekudai mji."

"Ichukue Muscat yote, bibi. Mie nirudishe Tanga."

Dereva akapiga honi.

Jumapili iliyofuata, ile "naam, naam" ilitoka kwa sauti ambayo Bi Kheiria aliijua kabla haijamaliza. Ilikuwa ya Thani, mwanawe wa mwisho, wakili wa kesi za wafanyakazi, aliyelelewa kwa Kiswahili humo humo nyumbani. Bi Kheiria aliliondoa gauni kwenye moshi upesi, lisije likamaliza maneno, akampigia simu akitoka kazini aje kula.

Baada ya wali na samaki alimkalisha mbele ya chetezo, akalirudisha gauni juu ya moshi. Muziki ulikuwa umeshatoka wote; maneno yakaanza upya. Sikudhani akasema haja yake, na Thani akajisikia mwenyewe akimwambia mzuri sana. Hakushtuka. Alipuliza kahawa yake.

"Mama, kule muziki mkubwa. Nlikuwa sisikii."

"Nnajua. Sasa umesikia."

"Alete karatasi zake ofisini."

"Si ndizo alizofungiwa?"

Thani akatazama ndani ya kikombe. "Kafili wake ni mteja wetu, mama."

"Na yeye ni mtoto wa watu."

"Haya, nitazungumza na msichana. Inshallah."

Akambusu mama yake kichwani, akatoka kuvaa viatu. Bi Kheiria alikusanya vikombe, na kwa mara ya kwanza tangu Rajab alilala mchana.

Jumapili ya pili alifunga dirisha, akaweka udi. Muziki ukapita. Sikudhani akasema: mkataba, paspoti, na kwamba mama sasa hali wala hanywi. Kisha Thani akajibu, karibu kabisa, bila ya kubabaika.

"Nimekusikia. Wallahi, leo nimekusikia kila neno."

Bi Kheiria akasogeza sikio kwenye shanga. Sauti ya mwanawe ikarudi, safari hii ikimwita mpiga muziki upande wa pili wa ukumbi:

"Ongeza sauti!"

Hapakutoka jengine. Bi Kheiria alikaa pale mpaka makaa yakageuka majivu. Halafu akavaa miwani, akatunga uzi kwenye sindano, maana shanga tatu za begani zilikuwa zimekatika, na dereva ameshafika mlangoni.