Kurasa za Karanga

Mwalimu Danford, mkuu wa taaluma wa shule moja mjini Njombe, alizipiga vita riwaya kama watu wengine wanavyopiga vita panya. Mwanafunzi akikutwa nayo chini ya dawati, ilikwenda kabatini kwake. Kabati lilipofurika aliziuza zote kwa kilo kama karatasi chakavu, na kikaoni akapongezwa kwa ubunifu. Yeye mwenyewe, tangu apate cheo, alisoma nyaraka tu.

Ijumaa moja alikuwa Makambako, katoka semina, gari la Njombe halijajaa na baridi inamtafuna. Akanunua karanga kwa mwanamke mmoja pale stendi, Konsolata. Alipozimaliza aliitazama karatasi iliyozifunga kwa kukosa la kufanya. Ukurasa wa 112: mama amesimama mlangoni mwa nyumba aliyofukuzwa miaka ishirini iliyopita, anabisha hodi. Kitasa kinazunguka. Nani anafungua? Ukurasa umeisha.

Msomi wetu akanunua karanga nyingine. Ukurasa wa 40. Akanunua tena, wa 87. Sasa akawa anachungulia namba kabla ya kuchagua, watu wakimshangaa bwana mwenye tai anayebagua karanga zilizokaangwa sufuria moja. Mifuko ya koti ikavimba. Utotoni, Wanging'ombe, aliwahi kusoma mpaka ng'ombe wa baba yake wakamaliza mahindi ya jirani. Alichapwa, na kesho yake akarudi machungani na kitabu kilekile. Utamu huo alikuwa ameusahau kabisa. Ulipomrudia alifurahi, kisha akaona aibu.

"Dada, ukurasa wa 113 uko wapi?"

"Ninao hapa." Konsolata akautoa mkobani. "Kuanzia huo sifungii karanga."

"Niuzie. Taja bei."

"Hauuzwi, mwalimu. Kitabu hiki ulininyang'anya nikiwa kidato cha tatu, nimefika hapohapo mlangoni. Ulisema kitanifelisha. Basi nikafeli bila kukisoma." Alicheka, ila macho hayakucheka. "Miaka kumi na moja nilijiuliza nani alifungua. Mwezi uliopita nimenunua gunia la karatasi za kufungia, nikakikuta humo. Jina langu bado liko kwenye jalada."

Danford aliigusa mifuko yake iliyovimba.

"Nisamehe, mwanangu. Basi niambie tu, nani alifungua?"

"Mwalimu, riwaya zinapoteza muda. Gari lako hilo linajaa."

Kweli, utingo alikuwa anaita abiria wa mwisho, "Njombe! Njombe moja!" Danford aliliangalia gari, akauangalia ule ukurasa mkononi mwa Konsolata.

"Liende," alisema. Akavuta kigoda, akaketi kando ya jiko la karanga, na tai yake shingoni, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuisikia:

"Tafadhali."