Ushuru wa Moshi, Siku ya Vishwakarma

Siku hizi Wazungu hawanunui bolti tu, wananunua na moshi wake. Bolti zetu za magari zikifika mpakani kwao, moshi wa tanuru lililozipika hutozwa ushuru. Kiwanda ambacho hakijapimwa hukadiriwa moshi mwingi kuliko wake, na wanunuzi hukikimbia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wakala wao, Bwana Mehrotra wa Delhi, alikuja hadi Ludhiana kutupima. Ila alikuja siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, zana zinapoabudiwa.

Kila fundi wa Punjab anajua kuwa siku hiyo, inayofuata Diwali, sikukuu ya taa, mashine hazifanyi kazi. Tulikuwa tumeziosha, tumezivika maua, na nyundo zimelala.

"Washa tanuru, Gurnek," Mehrotra aliniambia. "Nina ndege jioni."

"Leo haliwashwi," akajibu Bibi Tejinder, mwenye kiwanda.

"Dada yangu, kwa sababu ya maua? Nikiondoka bila vipimo, oda inakwenda Uturuki."

Oda ile ndiyo iliyoniweka mjini. Bila yake ningerudi kulima ngano ya kaka yangu, na shemeji yangu ana ulimi.

"Njoo kesho, kaka," Bibi akamwambia. "Hata alfajiri."

"Kesho niko Pune."

Akaliendea tanuru na viatu vyake, mkono unatafuta swichi. Sijui nilipata wapi ubavu. Nikasimama katikati.

"Vua viatu kwanza, bwana mkubwa. Halafu upite juu yangu."

"Bibi, mwambie mtu wako!"

"Nimwambie nini? Kasema vizuri kuliko mimi."

"Nitaripoti mmekataa kupimwa."

"We!" nikamkatiza. "Mwaka mzima tunafuka moshi, huonekani. Leo tumezima ndiyo unautaka? Haya, pima! Sifuri! Wapelekee hiyo!"

Mafundi wakaangua kicheko. Mehrotra akakunja uso.

"Mtalia nyie."

"Tukilia tutajifuta," nikamjibu.

Hata hivyo Bibi akamnyooshea sahani ya halua ya sikukuu. Akaikataa, akaingia garini. Oda ikaenda naye, haikurudi. Iliniuma, na inaniuma hadi leo, maana sasa tunapika bolti za matrekta kwa ujira mwembamba. Lakini akija tena siku kama ile, nitasimama palepale.

Halua yake niliila mimi.