Vihusishi vya Mama Benedikto

Severina, mfagiaji wa shule moja ya sekondari Newala, alianza kusoma Kifaransa akiwa na miaka hamsini na miwili. Mwalimu Cuthbert alimkuta amesimama dirishani na ufagio, akamwambia, "Shikamoo, Mama Benedikto. Ingia tu, dawati la nyuma halina mtu." Akaingia.

Majina ya vitu hayakumsumbua. Vihusishi ndivyo vilivyomtesa. Jumanne aliweka ndoo tupu barazani kwake, akasema maji yako "sur" ndoo, yaani juu yake. Maji yakaja, yakakaa juu ya mfuniko, bapa kama chapati, bila kumwagika. Akajaribu "sous", chini ya. Ndoo ilibaki kavu, sakafu ikalowa. Akapiga deki, akarudi kwenye daftari.

Ijumaa akasema "dans", ndani ya: "L'eau est dans le seau," maji yako ndani ya ndoo. Ndoo ikajaa hadi ukingoni.

Mwalimu Cuthbert alimwekea tiki. Severina akabandika ukurasa ule ukutani, kando ya picha ya ubatizo wa Benedikto.

Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Mei, kwa hiyo majirani wakaanza kuleta ndoo. Sentensi moja, ndoo moja. Kufika jioni sauti ilikuwa imemkauka.

"Mama Benedikto, utajaza mpaka lini?" aliuliza jirani yake, Pili. "Maji yetu ya bomba yako wapi hasa?"

Hilo hakuwa na neno la kulisemea. Wiki iliyofuata wakafundishwa "chez", yaani nyumbani kwa mtu. Severina akasimama barazani mbele ya majirani na mwalimu wake. Suleimani, mwenye funguo za koki ya mtaa, naye alikuwepo.

"L'eau est chez Suleimani," alisema taratibu.

Wakasubiri. Hakuna kilichosogea.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

"Hujakosea, mama. Sentensi iko sawa kabisa. Maji hayana pa kwenda, yapo huko tayari."

Wakageuka wote. Ng'ambo ya barabara, ndani ya geti lililoachwa wazi, tangi la Suleimani lilikuwa likifurika juu ya maua. Suleimani alisema Kifaransa ni lugha nzuri, akaaga, akaenda kufunga geti. Koki haikufunguliwa.

Pili akasogeza ndoo yake. Severina akakaza khanga kiunoni, akanyoosha mgongo, akaanza tena, kila kihusishi mahali pake.