Kusema Si Kazi

Kwato moja ilikuwa imeshatoka, nyeupe na laini kama sabuni iliyolowa, na juu yake ncha ya pua. Kwato ya pili haikuonekana. Ng'ombe mwenyewe, tuliyemwita Bibi Harusi kwa maringo yake, alijikaza, akaguna, akalegea tena. Mimi nilikuwa nje ya zizi, simu sikioni, mkono mwingine umeng'ang'ania uzio kana kwamba kuna mtu ananivuta.

Na kweli nilikuwa ninavutwa. Viza yangu ya masomo iliniruhusu kufanya kazi saa chache tu kwa wiki wakati wa muhula, na za wiki ile nilizimaliza jana yake. Niliishi palepale shambani, chumba cha juu ya ghala, kwa hiyo kuwepo kwangu hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kugusa. Hata kazi ya bure ni kazi, tulielezwa hivyo chuoni. Muhula uliotangulia, mwenzetu mmoja tuliyemwita Profesa alizidisha saa katika jiko la hoteli. Alifutiwa viza, akaondoka mbio mbio hata kandambili zake zikabaki mlangoni mwa bweni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuziondoa. Mama aliposikia alinipigia simu. "Mwanangu, nakuomba, usije ukathubutu."

Mwenye shamba alikuwa amempeleka mumewe hospitali. Daktari wa mifugo nilimpata akiwa huko mbali, kwa mgonjwa mwingine.

"Mguu mmoja umekunjika nyuma," alisema. "Mkinisubiri mimi, ndama atakufa, pengine na mama yake. Una mtu hapo?"

Nilikuwa naye. Gari lilikuwa ndiyo kwanza limesimama langoni, akashuka bwana mmoja mwenye koti la kijivu na kitambulisho kifuani: mkaguzi wa kazi. Siku zote za Mungu, akachagua ile.

Aliniuliza saa zangu. Nikamwambia ukweli, zimekwisha.

"Afisa, niruhusu niingie. Ninasomea mifugo. Huyu atakufa."

"Binti, ukiingia humo itanibidi nikuandike." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Bibi Harusi akapiga magoti, akaanguka ubavu. Yule bwana alimtazama kwa muda. Kisha akavua koti, akalitundika juu ya uzio, akakunja mikono ya shati mpaka mabegani.

"Haya, niambie la kufanya."

"Na kusema je? Si kazi?"

Akafikiri, tena akafikiri kwelikweli, jambo ambalo mpaka leo hunichekesha. "Kusema si kazi."

Nikawa kinywa, yeye akawa mikono. Daktari alinena sikioni mwangu, nami nikapaza sauti: osha mikono kwa sabuni, ingiza taratibu, msukume ndama arudi ndani kidogo, fuata bega ushuke hadi mguuni. Baba wa watu hakuwahi kumgusa ng'ombe maishani. Uso ulimbadilika rangi. Halafu ghafla akatulia, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, macho yamemtoka.

"Ananinyonya," alinong'ona. "Kidole. Ananinyonya kidole."

Sikuwa nimewahi kuona uzazi wowote ila wa ng'ombe bandia wa plastiki juu ya meza ya darasani. Mwili ulinisisimka wote. Huko gizani, kabla hajaona jua, kuna aliyekuwa tayari anaidai dunia.

Hapo simu ikakatika.

"Sasa?" akauliza.

Nilifumba macho, nikaikumbuka meza ya darasani. "Funika kwato kwa kiganja, isimchane mama. Ivute mbele. Taratibu. Subiri asukume yeye, ndipo uvute."

Bibi Harusi alisukuma. Ndama akateleza nje kwa kishindo cha maji, akalala kwenye majani makavu, kimya. Hakupumua.

"Amekufa," yule bwana alisema, sauti imempasuka kama ya mtoto.

"Hajafa! Safisha pua! Chukua unyasi, mtekenye puani! Msugue mbavu, msugue kwa nguvu!"

Alisugua kama anayefua nguo. Ndama akapiga chafya. Ubavu ukainuka, ukashuka, ukainuka. Na mimi, niliyeivuka bahari kusomea jambo hilihili, nikajikuta nimechuchumaa nje ya uzio, nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nilimaliza masomo yangu, nikarudi na cheti. Nimezalisha ng'ombe wengi tangu hapo, mchana na usiku, na sijazoea. Mama husema kazi gani hii mtu anatoka ndani ya zizi kama anatoka ibadani.

Siku ile mwenye shamba alirudi na kumkuta afisa wa serikali amekaa kwenye majani, shati limeloa damu na ute, huku Bibi Harusi akimlamba mwanawe na mara mojamoja akimlamba na yeye.

"Afisa," alisema, amepigwa na butwaa, "umemaliza ukaguzi?"

Afisa alinyoosha kidole. Ndama alikuwa anajaribu kusimama.