Zawadi ya Mama Rennie

Mimi ni kocha wa mieleka. Somo la fedha nilibandikwa tu, maana hapa Nebraska, Marekani, kocha wa sekondari lazima afundishe kitu, na historia ilishachukuliwa na kocha wa mpira. Sasa nalipenda, na atakayenipokonya tutashikana mashati.

Jumatatu hiyo niliwawekea wanafunzi wa mwaka wa mwisho kadi tatu za mkopo mezani, wachague. Trace akadaka ile ya dhahabu.

"Kocha, hii inakupa tiketi za ndege bure."

"Ndege ya kwenda wapi? Wewe basi la kwenda Omaha tu unatapika njiani. Soma yale maandishi madogo."

Akasoma: ada ya mwaka dola tisini na tano, riba asilimia ishirini na tisa. Akairudisha taratibu. Rennie Kovarik yeye hakugusa hata moja.

"Mimi sichagui," alisema. "Mama ataniingiza kwenye kadi yake nikifikisha kumi na minane. Ndiyo zawadi yangu."

Ni desturi ya huku, na ni zawadi nzuri: rekodi ya mzazi ya kulipa madeni inakuwa yako hata kabla hujanunua pipi. Nikamwambia ni sawa kabisa, mradi mzazi awe analipa kwa wakati. Akichelewa yeye, umechelewa na wewe. Rennie akainamisha kichwa. Agosti alikuwa anakwenda mji wa Lincoln kusomea uuguzi, na huko mwenye nyumba hakupi chumba bila kuchungulia rekodi yako ya mikopo.

Alhamisi ilikuwa jioni ya wazazi. Tulipanga meza ukumbini, na kwenye kona kulikuwa na supu ya maharage na nyama, na mikate ya mdalasini ya kuchovya. Yangu sikuionja. Mama mmoja alikuja moja kwa moja kwangu bado na aproni ya kazini, Rennie nyuma yake.

"Wewe ndiye Kocha?"

"Ndiye mimi. Karibu, mama."

"Huyu nimemlea peke yangu. Nina kitu kimoja tu cha kumpa, na wewe umemwambia hakifai."

Nimeangushwa na wanaume wenye shingo kama magogo, lakini mama huyu, Darla Kovarik, aliniangusha bila kunigusa. Nikaanza kutafuta uongo wa adabu.

"Kocha hakusema hivyo," Rennie akaingilia. "Nimesema mimi. Mama, tangu ulipie matengenezo ya gari, kadi unailipa kwa kuchelewa. Simu za benki nazisikia."

Darla akakaa. Uso ulimwiva, akatazama huku na huku kama kuna jirani aliyesikia. Nilimwonea huruma kweli.

"Nilitaka uanze na kitu," alimwambia binti yake.

"Najua, mama. Ila nataka kuanza na yangu. Chama cha akiba pale mjini wana kadi isiyo na ada. Mshahara wangu wa duka la aiskrimu unatosha kuniombea kadi hiyo. Nitainunulia mafuta ya gari tu, mwisho wa mwezi nalipa deni lote. Nisindikize Jumamosi."

Darla akanigeukia mimi.

"Mimi kadi yangu niliipata chuoni," alisema. "Watu wa benki walikuwa na meza mlangoni, ukijaza fomu unapewa fulana ya bure. Fulana ilichanika mwaka uleule. Hakuna mtu aliyeniambia kitu, Kocha. Hakuna hata mmoja."

Nikamsogezea supu yangu.

"Na mtu kama mimi," akashusha sauti, "hao wa chama watampa?"

"Ipo kadi ya dhamana. Unaweka dola mia mbili zako, wanakupa kadi ya kukopa hadi mia mbili. Ukilipa kwa wakati, jina linasafishika. Polepole, lakini linasafishika."

"Basi nifundishe tangu mwanzo, kama ulivyowafundisha watoto. Usiruke kitu."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikawaambia wazazi waende wakanywe supu kwanza. Nikafungua kinywa nianze, Rennie akanizuia kwa mkono.

"Ngoja, Kocha. Huyu ni wangu." Akavuta kiti, akakaa bega kwa bega na mama yake. "Haya, mama. Tuanze na riba."